Tumbo Linapobadili Tabia: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Choo na Maumivu ya Tumbo

Mgonjwa anayeketi mbele ya tabibu na kusema "tumbo linanisumbua" bado hajasema kitu. Neno tumbo kwetu limebeba mengi: kiungulia, msokoto, gesi, kuhara, kukosa choo, maumivu ya hedhi, na mwanamke akisemwa kuwa ana tumbo huenda haumwi hata kidogo. Isitoshe, tumelelewa kutotaja choo mbele za watu, kwa hiyo mtu mzima hufika hospitalini akiwa na taarifa muhimu kuliko kipimo chochote, kisha akaimeza kwa haya. Majibu yafuatayo yameandikwa ili kumsaidia msomaji kuitambua taarifa hiyo na kuitaja kwa usahihi. Hayachukui nafasi ya kuchunguzwa na mtaalamu.

Mtu mwenye afya anapaswa kupata choo mara ngapi?

Kati ya mara tatu kwa siku na mara tatu kwa wiki. Mpana hivyo ndio ukawaida, na ndani yake kila mtu ana desturi yake. Dada wawili wanaweza kula sufuria moja tangu utotoni, mmoja akaenda haja kila alfajiri na mwingine akakaa siku mbili, na wote wawili wakawa wazima kabisa. Imani kwamba asiyepata choo kila siku anajaza sumu mwilini haina msingi, nayo imewauzia watu dawa nyingi za kuharisha ambazo hawakuzihitaji.

Kipimo chako, basi, ni wewe mwenyewe. Aliyezoea kwenda mara moja kwa siku kwa miaka 20, kisha akaanza kwenda mara nne bila sababu anayoijua, amebadilika, hata kama mara nne hizo hazimpi shida. Mabadiliko ya siku mbili tatu baada ya safari, sherehe au mafua mara nyingi hujiondokea. Yanayodumu wiki tatu au zaidi yanastahili kuchunguzwa, na yanayoambatana na damu, kukonda au homa yasisubiri hata wiki hizo tatu.

Kinyesi kinapaswa kuwaje kwa umbo na rangi?

Watafiti wa mji wa Bristol, Uingereza, walichapisha mwaka 1997 jedwali linalogawa kinyesi katika aina 7, nalo linatumiwa hadi leo katika hospitali nyingi duniani. Aina ya 1 ni vigololi vigumu kama vinyesi vya mbuzi; ya 2 ni kinyesi kirefu chenye mabonge; ya 3 na ya 4 ni kama soseji, laini au yenye nyufa kidogo, na hizi mbili ndizo zinazotamaniwa; kuanzia ya 5 kinyesi huanza kulegea, hadi ya 7 ambayo ni maji matupu. Ukimwambia tabibu "nimetoka aina ya nne nikaingia ya pili tangu mwezi uliopita", umemwokolea dakika kumi za maswali.

Rangi ya hudhurungi hutokana na nyongo iliyobadilishwa na bakteria wa utumbo. Mchicha na kisamvu vinaweza kukifanya kinyesi kiwe cha kijani, na kiazisukari chekundu kinaweza kumtia mtu hofu ya damu isiyokuwepo. Vidonge vya kuongeza damu wanavyopewa wajawazito kliniki hukifanya cheusi, na hilo ni la kutarajiwa. Lakini kinyesi cheusi tii, kinachonata kama lami na chenye harufu kali isiyo ya kawaida, kwa mtu asiyetumia vidonge hivyo, kwa kawaida ni damu iliyovuja juu tumboni na kumeng'enywa njiani. Kinyesi kilichopauka kama udongo wa mfinyanzi, hasa kikiandamana na macho ya manjano na mkojo mweusi, huonyesha kwamba nyongo haifiki kwenye utumbo. Hali zote mbili ni za kwenda hospitalini siku hiyohiyo.

Kwa nini haja hunijia mara tu ninapomaliza chai ya asubuhi?

Chakula kinapotua tumboni, utumbo mpana hupokea ishara ya kusukuma kilichomo ili kutoa nafasi, na ishara hiyo huwa na nguvu zaidi asubuhi. Chai haijapita moja kwa moja. Kinachotoka ni chakula cha jana au juzi. Ni mpangilio mzuri wa mwili, na anayekosa choo angefaa kuutumia badala ya kukimbilia daladala saa ileile utumbo unapoita.

Nimekosa choo siku nne na tumbo limejaa. Nifanye nini?

Kwanza ujiulize ni nini kilichobadilika. Kazi ya utumbo mpana ni kufyonza maji, na kadiri kinyesi kinavyokaa ndani ndivyo kinavyozidi kukauka. Kwa hiyo lolote linalokichelewesha hukifanya kigumu: kunywa maji machache, kulala kitandani muda mrefu, na zaidi ya yote, kubana. Abiria wa basi la mikoani anayejizuia kuanzia alfajiri hadi usiku kwa sababu hapendi vyoo vya njiani, na mwanafunzi wa bweni anayesubiri likizo kwa sababu choo cha shule hakikaliki, wote wanaufundisha mwili kutoisikiliza ishara yake. Wajawazito hupata shida hii kwa sababu homoni za ujauzito hulegeza misuli ya utumbo, na wale wanaotafuna udongo huiongezea, mbali ya uwezekano wa kumeza mayai ya minyoo pamoja na udongo huo.

Kisha kuna suala la unga. Ugali wa dona hubeba pumba na kiini cha hindi; sembe iliyokobolewa ikang'aa imeachiwa wanga karibu peke yake. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima apate angalau gramu 25 za makapimlo, yaani nyuzinyuzi za chakula, kila siku, na si rahisi kuzifikia kwa sembe, wali mweupe, chapati na soda. Inafaa kukumbuka kwamba sehemu kubwa ya elimu hii ilianzia kwetu. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji kutoka Ireland aliyefanya kazi Uganda tangu miaka ya 1940 hadi ya 1960, alichapisha pamoja na wenzake mwaka 1972 utafiti uliolinganisha vinyesi vya watu wa nchi mbalimbali. Wanakijiji wa Uganda walikuwa na kinyesi kizito, laini na chenye kupita upesi kuliko Waingereza. Tangu hapo sisi wa mijini tumekuwa tukiifuata meza ya Waingereza, na vyoo vyetu vinatoa ushahidi.

Rudisha basi dona, maharage, mlenda, mchicha, papai, embe na parachichi, ila uongeze polepole kwa muda wa wiki mbili hivi, kwa kuwa nyuzinyuzi zikimiminwa ghafla huleta gesi. Unywe maji pamoja nazo, kwa maana bila maji zinaweza kuziba badala ya kuzibua. Kaa chooni baada ya kifungua kinywa bila haraka na bila kukamua. Choo cha kuchuchumaa, ambacho wengi sasa wanakiona cha kishamba, kina faida ya kweli: kuchuchumaa hulegeza msuli unaokunja njia ya haja, na njia hunyooka. Mwenye choo cha kukaa anaweza kuweka kigoda kifupi chini ya miguu akapata faida hiyohiyo.

Ikiwa tumbo limevimba, hupati hata upepo, na unatapika, usinywe dawa yoyote ya kuharisha. Huenda utumbo umeziba au umejisokota, na kuusukuma kwa nguvu kunaweza kuupasua.

Je, ni vizuri kusafisha tumbo kila mwezi kwa sanamaki, haluli au mafuta ya nyonyo?

Utumbo haulimbikizi uchafu unaohitaji kufuliwa. Sanamaki ni dawa halisi, hata imo ndani ya vidonge vinavyouzwa famasi, na kwa siku chache inasaidia aliyefunga choo. Shida ni kuifanya desturi, kwa sababu kuharisha mara kwa mara huondoa maji na madini ya potasiamu ambayo moyo na misuli huyategemea. Mjamzito, mtoto mdogo, mzee na mwenye ugonjwa wa figo wasizitumie bila ushauri. Kuhusu kupiga bomba kwa maji ya mizizi, yaani kuingiza dawa kwa njia ya haja kubwa, ushauri ni mfupi: acha. Ngozi ya ndani ya puru ni laini, huungua na kutoboka upesi, na hakuna anayejua kipimo cha kilichomo katika maji hayo.

Nimeanza kuendesha ghafla. Nitajuaje kama ni jambo dogo?

Kuhara, kwa maana ya kitabibu, ni kupata choo laini au cha maji mara tatu au zaidi kwa siku. Mara nyingi husababishwa na virusi au chakula kilichochacha, na hupungua ndani ya siku mbili hadi tano. Katika siku hizo anayeua ni upungufu wa maji zaidi ya kijidudu chenyewe, na kwa hiyo dawa ya kwanza ni kunywa. Pakiti ya ORS, yaani chumvi na sukari ya kurudisha maji mwilini, huyeyushwa katika maji safi na salama kwa kipimo kilichoandikwa juu yake, mara nyingi lita 1. Ikikosekana, lita 1 ya maji hayo huchanganywa na vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa kwa kisu, visiwe vya mlima. Vipimo hivi vifuatwe, kwa sababu chumvi ikizidi inadhuru. Sukari haikuwekwa kwa ajili ya utamu: ukuta wa utumbo huipokea sukari na chumvi kwa pamoja kupitia mlango mmoja, na maji huvifuata, hata pale utumbo unapokuwa mgonjwa. Mchanganyiko usiozidi saa 24 ndio unaofaa, uliobaki umwagwe.

Ukiona kinyesi ni maji yaliyofanana na maji ya kuoshea mchele, yakitoka mfululizo, fikiria kipindupindu na uondoke nyumbani mara moja huku ukinywa njiani. Mgonjwa wa kipindupindu kikali anaweza kupoteza hadi lita 1 kwa saa, na hakuna nafasi ya kusubiri asubuhi. Damu katika choo cha kuhara, homa kali, au kuhara kunakovuka siku 14 pia ni sababu za kwenda kupimwa. Kuhara kunakofikia mwezi kunahitaji, pamoja na vipimo vingine, kipimo cha virusi vya UKIMWI, na si vibaya mgonjwa mwenyewe akakiomba.

Mwanangu wa miezi minane anaharisha, na bibi yake anasema ni meno ya plastiki. Je, ayang'olewe?

Hapana, tafadhali sana. Kinachoitwa meno ya plastiki, au meno ya nailoni, ni vijino vya kawaida vya mtoto ambavyo bado vimo ndani ya ufizi, laini na vyeupe kwa sababu havijakomaa. Kuvichokonoa kwa spoku ya baiskeli au kisu kumesababisha kutokwa damu nyingi, pepopunda na vifo, huku kuhara kwenyewe kukiendelea bila tiba. Bibi ana haki ya kusikilizwa kwa heshima, kwa kuwa ameona watoto wengi wakiharisha katika umri uleule meno yanapokaribia kutoka. Ila huo ndio umri mtoto anapoanza kutambaa na kutia kila kitu mdomoni, na kupewa uji ulioandaliwa kwa mikono na vyombo ambavyo huenda si safi.

Mtoto aendelee kunyonya, apewe ORS kwa kijiko kidogokidogo, na vidonge vya zinki kwa siku 10 hadi 14: miligramu 20 kwa siku kwa aliyevuka miezi sita, na miligramu 10 kwa aliye chini ya hapo. Utosi ukibonyea, macho yakiingia ndani, akilia bila machozi, akilegea au akikataa kunyonya, apelekwe hospitalini bila kuchelewa. Chanjo ya rotavirusi, iliyoingizwa katika ratiba ya watoto Tanzania mwaka 2013 na Kenya mwaka 2014, huzuia kuhara kukali kunakoletwa na virusi hivyo, na hutolewa kwa matone mdomoni katika wiki za mwanzo za maisha. Usisubiri mtoto akue.

Kwa nini nisinunue tu flajili nimalize shida?

Kwa sababu flajili ina kazi yake, na kazi hiyo si kila tumbo. Humuua amiba, giadia na baadhi ya bakteria wanaoishi pasipo hewa. Haiui virusi, haiponyi kipindupindu, wala haiondoi minyoo. Tumbo lililokuwa lipone lenyewe siku ya tatu likipona siku ya tatu baada ya vidonge sita, sifa huiendea flajili, na mwezi unaofuata mtu anarudi dukani. Nimesimama katika duka la dawa jioni moja nikamsikia kijana akiagiza "flajili za mia tano" kama anayenunua njugu, na muuzaji hakuinua hata macho kumuuliza kama kuna damu. Ubaya wake ni wa aina mbili: vijidudu huzoea dawa, na ugonjwa uliohitaji kutazamwa unaendelea kukua nyuma ya ladha ile ya chuma mdomoni.

Hali kadhalika, dawa za kufunga tumbo zisitumiwe na mwenye kuhara damu au homa, wala zisipewe watoto wadogo.

Nimeambiwa nina taifodi kwa mara ya tatu mwaka huu. Inawezekana?

Inawezekana, lakini inatia shaka. Kipimo cha Widal, kilichobuniwa mwaka 1896, hakimtafuti kijidudu. Hutafuta kingamwili, yaani silaha ambazo mwili hutengeneza dhidi ya ugonjwa, na kingamwili hizo zinaweza kubaki kutokana na maambukizi ya zamani, chanjo, au hata kuchanganywa na za ugonjwa mwingine. Jibu moja la Widal kwa mtu asiye na homa, aliyekuja kwa sababu ya gesi na uchovu, halithibitishi homa ya matumbo. Kipimo cha kuaminika zaidi ni kuotesha damu maabara ili kijidudu chenyewe kionekane. Tena wengi hushangaa kusikia kwamba taifodi kwa mtu mzima, hasa wiki ya kwanza, mara nyingi huja na homa inayopanda kila siku pamoja na kufunga choo, wala si lazima kuhara. Uliza umepimwa kwa njia gani kabla ya kukubali sindano nyingine.

Tumbo langu hujaa gesi na kunguruma kila siku. Ni ugonjwa?

Mara nyingi sivyo. Maharage, kunde, kabichi na vitunguu vina sukari ambazo hatuwezi kuzimeng'enya, hivyo bakteria wa utumbo mpana huzichachusha na kutoa hewa. Kuloweka maharage usiku kucha na kumwaga maji hayo kabla ya kupika hupunguza shida hiyo kwa kiasi.

Maziwa yana habari yake. Watu wazima wengi Afrika Mashariki hupunguza, kadiri wanavyokua, kimeng'enya kinachovunja sukari ya maziwa, na glasi moja ya maziwa mabichi humletea mtu wa namna hiyo msokoto na kuendesha. Mfugaji wa Kimasai anayekunywa kibuyu kizima bila shida hajapata ustadi tu wa mazoea: utafiti uliochapishwa mwaka 2007, uliohusisha watu wa Tanzania, Kenya na Sudan, ulionyesha mabadiliko ya kurithi yanayokiacha kimeng'enya hicho kiendelee kufanya kazi ukubwani. Asiyeyarithi bado anaweza kufurahia mtindi, kwani bakteria wameshakula sehemu ya sukari hiyo. Acha maziwa kwa wiki mbili uone. Jaribio hilo halina gharama.

Kujaa tumbo kunakokuja upya kwa mwanamke aliyevuka miaka 50, kusikoondoka na kunakomfanya ashibe upesi, kusiitwe gesi hadi daktari aichunguze mifuko ya mayai.

Kwa nini choo changu huvurugika mwezi wa Ramadhani?

Saa za kula zimehamia usiku, maji yamepungua, na futari yetu ya pwani, kwa utamu wake wote, ni wanga juu ya wanga: magimbi, mihogo, tambi, viazi vya nazi, na kaimati juu. Gawa maji kati ya futari na daku badala ya kuyanywa yote kwa mkupuo adhana inapoita, anza kwa tende, na upe mboga na matunda nafasi kabla ya vya kukaangwa. Kiungulia cha usiku hupungua ukiacha saa mbili tatu kati ya chakula kizito na kulala. Mwenye vidonda vya tumbo au kisukari azungumze na daktari kabla mwezi haujaandama.

Naona damu ninapojisafisha. Si ni bawasiri tu?

Huenda ikawa. Damu nyekundu mbichi inayodondoka mwishoni mwa haja, bila maumivu, mara nyingi ni bawasiri. Maumivu makali kama ya wembe wakati kinyesi kinapita, na damu kidogo, huelekeza kwenye mpasuko wa ngozi ya njia ya haja. Zote mbili hutibika, na zote mbili huletwa zaidi na kukamua choo kigumu.

Hatari iko katika neno "tu". Jirani yangu mmoja, mwanamume wa makamo, alijitibu bawasiri kwa miezi minane: majani ya kuketia, malai ya kupaka, chupa za dawa zilizonunuliwa stendi. Hakuna aliyemtazama, kwa sababu hakutaka kutazamwa. Alipokubali hatimaye, daktari alivaa glavu na kumpima kwa kidole kwa muda usiotimia dakika moja, akagusa uvimbe katika puru. Kipimo ambacho wanaume wetu hukikimbia kwa aibu ndicho ambacho kingemwambia ukweli mwezi wa kwanza.

Saratani ya utumbo mpana na puru iligunduliwa kwa watu wapatao milioni 1.9 duniani mwaka 2020, na ikaua zaidi ya 900,000. Mwigizaji Chadwick Boseman, ambaye wengi walimfahamu kama mfalme wa Wakanda, alifariki mwaka huohuo kwa saratani ya utumbo mpana akiwa na miaka 43, na kifo chake kiliwakumbusha wengi kwamba huu si ugonjwa wa wazee pekee. Dalili za kuzingatia ni damu iliyochanganyika na kinyesi au kamasi, choo kinachobadilika na kubaki hivyo, hisia kwamba haja haijaisha hata baada ya kutoka chooni, kukonda bila kukusudia, na upungufu wa damu usio na maelezo, hasa kwa mwanamume au kwa mwanamke aliyekoma hedhi. Vinyama vinavyoanza kuota ndani ya utumbo kwa kawaida huchukua miaka 10 hivi kugeuka saratani, na katika miaka hiyo vinaweza kuondolewa kwa kolonoskopi, yaani mpira mwembamba wenye kamera. Marekani ilishusha mwaka 2021 umri wa kuanza uchunguzi kutoka miaka 50 hadi 45. Kwetu uchunguzi wa namna hiyo kwa watu wasio na dalili haujaenea, na kwa sababu hiyo dalili zenyewe zisipuuzwe, na aliyefiwa na mzazi au ndugu wa tumbo moja kwa ugonjwa huu amtajie daktari mapema.

Ninaishi kando ya Ziwa Victoria. Je, maji yanaweza kuwa chanzo?

Ndiyo. Kichocho kina sura mbili kubwa katika eneo letu: cha pwani na Zanzibar huonekana zaidi kwa damu kwenye mkojo, na cha ukanda wa ziwa huvamia utumbo na ini. Vijidudu vyake hutoka kwa konokono na kupenya ngozi ya mtu aliyesimama majini akivua, akifua au akioga, hivyo kuchemsha maji ya kunywa peke yake hakutoshi. Mgonjwa huhara kwa vipindi, wakati mwingine na damu, na baada ya miaka ini na bandama huvimba. Dawa yake ni prazikwanteli, ambayo kipimo chake hutegemea uzito au urefu; dawa ya minyoo ya kawaida, albendazo, haikigusi kichocho. Anayerudi majini anaweza kuambukizwa tena.

Vipimo vyote viko safi, lakini tumbo linaendelea kuniuma. Nimerogwa?

Utumbo una mtandao wake mkubwa wa neva, na kwa baadhi ya watu mtandao huo huhisi kupita kiasi au kusukuma bila mpangilio, ingawa ukuta wenyewe hauna kidonda. Madaktari huiita hali hiyo IBS. Huitambua pale maumivu yanapokuja angalau siku moja kwa wiki kwa miezi mitatu, yakiwa yalianza si chini ya miezi sita nyuma, na yakihusiana na kwenda haja au na kubadilika kwa choo. Maumivu hayo ni ya kweli. Kuambiwa "huna kitu" ni jibu baya, na ninaelewa kwa nini mtu aliyejibiwa hivyo mara tatu huishia kwa mganga.

Hali hii haigeuki saratani wala haimdhuru mtu utumbo. Husaidia kuandika kwa wiki mbili ulichokula, siku ilivyokuwa na tumbo lilivyojibu; wengi hugundua kwamba kiini ni kitunguu, maziwa, au mwisho wa mwezi kodi inapodaiwa. Usingizi, kutembea na dawa za kulegeza misuli ya utumbo hupunguza dalili. Lakini IBS haimwamshi mtu usiku kwa kuhara, haileti damu, haikondeshi. Kikitokea kimojawapo, utafutwe ugonjwa mwingine.

Je, dawa ninazotumia kwa ajili ya ugonjwa mwingine zinaweza kubadili choo?

Zinaweza sana. Metformini ya kisukari huwalegeza wengi tumbo katika wiki za mwanzo, na kuinywa pamoja na chakula husaidia. Tramado ya maumivu na dawa za kikohozi zenye kodeini hufunga choo. Vidonge vya kupunguza asidi vyenye magnesiamu huendesha, na vyenye alumini hufunga. Antibiotiki karibu yoyote inaweza kuleta kuhara, hata wiki kadhaa baada ya kumaliza dozi. Usiache dawa peke yako. Irudishe kwa aliyeiandika.

Ni maumivu gani ambayo hayasubiri kukuche?

Yanayoanza karibu na kitovu kisha yakahamia chini upande wa kulia na kuzidi mtu akikohoa au akitembea, kwa kuwa huenda ni kidole tumbo. Yanayokuja ghafla kama kuchomwa kisu na kulifanya tumbo liwe gumu kama ubao, hasa kwa mwenye vidonda vya tumbo au mnywaji wa dawa za maumivu kama diklofenaki kila siku. Yanayoambatana na kutapika damu au choo cha lami. Na ya mwanamke aliyekosa hedhi, chini ya tumbo, pamoja na kizunguzungu, kwa sababu mimba inaweza kuwa imetunga nje ya mji wa mimba. Njiani usile, na usiondoe maumivu kwa sindano ya mtaani.

Nimeambiwa nipeleke choo maabara. Nakipeleka vipi?

Jinsi watu wanavyokificha kijichupa hicho ndani ya bahasha ya kaki, bahasha ndani ya mkoba, na mkoba chini ya khanga, ungedhani wamebeba dhahabu ya wizi. Mhudumu wa maabara hupokea vijichupa kama hivyo kila siku na hana habari na aibu yako. Kojoa kwanza, kwa sababu mkojo huua baadhi ya vijidudu. Jisaidie juu ya karatasi au chombo kikavu, usichote kutoka kwenye shimo la choo, kisha uchukue kiasi cha punje ya karanga kwa kijiti kilichomo ndani ya kifuniko. Ukiona kamasi au damu, chota hapohapo. Choo cha maji kifike maabara ndani ya nusu saa, kwa kuwa amiba akipoa huacha kutembea na mpimaji hamtambui tena; choo kilichoshikana kinaweza kusubiri kidogo zaidi. Andika saa uliyokitoa juu ya chupa. Na ukiambiwa ulete tena kesho na keshokutwa, usidhani wanakuzungusha, kwa maana mayai ya minyoo na ya kichocho hayatoki kila siku.